Matibabu ya saratani yakikwama katikati: jinsi ya kusimama na mwenzi wako kwa imani bila kuiacha hospitali (mwongozo kamili)

Mwongozo huu ni wa mume au mke ambaye mwenzake alikuwa anaendelea na kemo (dawa za kuua seli za saratani) au mionzi, mambo yakaanza kuonekana yanakwenda, halafu siku moja mnaambiwa kuna tatizo. Waumini wengi, watu wenye upendo wa kweli kabisa, wanakwama hapa hapa. Habari mbaya ikishaingia wanaanza kuongea mfululizo, mistari inamwagika, wanakemea, wanaahidi vitu ambavyo Mungu hajawaahidi, na mgonjwa anabaki mpweke kwenye chumba kilichojaa watu wanaomuombea. Wengine wanaenda mbali zaidi, wanamtoa hospitali wakidhani kubaki pale ni kukosa imani.

Shika hili kabla ya kuendelea: hakuna aliyekutuma umtetee Mungu mbele ya mwenzako. Umepewa kazi ya kukaa naye, kulinda mwili wake mpaka hatua ya matibabu inayofuata, na kumwambia Mungu ukweli mkiwa wawili. Hatua zote hapa chini zinafuata hilo.

Vitu vya kuandaa kabla ya yote

- Themomita inayofanya kazi, ya kupimia mdomoni au kwapani. Ijaribu leo, usisubiri usiku wa homa.
- Daftari moja tu. Tarehe za kemo, majina ya dawa, majibu ya damu, dalili na maswali, vyote humo humo. Karatasi zilizotawanyika zinapotea siku unayozihitaji.
- Namba ya simu ya wodi au kliniki inayopokelewa hata usiku, iandikwe pia ukutani maana simu yako inaweza kuzima chaji.
- Glavu za plastiki, beseni la kutapikia, mswaki laini.
- Begi dogo lililofungwa tayari: nguo, kadi ya hospitali, orodha ya dawa, chaja.
- Biblia, na ndani yake weka alama kwenye Zaburi ya 13, ya 88 na Marko 14. Nitaeleza kwa nini.
- Mtu mmoja, narudia mmoja, atakayewapa ndugu na kanisa taarifa kwa niaba yenu.

Hatua ya 1: Jua mmekwama wapi hasa

Neno "imeshindikana" linasemwa haraka sana majumbani. Kukwama kuna aina zake na kila moja ina uzito wake.

Kemo kuahirishwa kwa sababu damu iko chini ni jambo la kawaida mno. Dawa hizi zinaua seli zinazogawanyika haraka, na uboho unaotengeneza damu nao ni wa seli za aina hiyo, kwa hiyo seli nyeupe zinashuka, mara nyingi zinafika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Daktari anasogeza tarehe ili mwili upumue, au anaandika sindano za kuchochea seli nyeupe. Hiyo ni ahirisho tu, saratani haijashinda kitu.

Dozi kupunguzwa au dawa kubadilishwa kwa sababu ya ganzi ya vidole, figo, ini au moyo, hilo nalo ni suala la usalama. Halafu kuna habari nzito zaidi: skani imeonyesha uvimbe umekua wakati dawa inaendelea, au ugonjwa umerudi baada ya kutulia, au umefika sehemu nyingine ya mwili.

Waulize waziwazi: "Hii ni ahirisho, ni madhara ya dawa, au dawa haifanyi kazi?" Ukiweza kumweleza mtu mwingine jibu hilo kwa sentensi moja bila kubabaika, hatua hii umeimaliza.

Hatua ya 2: Masaa ya kwanza, funga mdomo

Hii ndiyo inayowashinda watu kuliko zote.

Mmetoka kwa daktari. Mmekaa kwenye benchi la korido, yeye ameshika ile bahasha ya skani magotini, plasta ya sindano bado iko kwenye mkono, anaikwangua kwa ukucha taratibu bila kuangalia popote. Wewe unahisi lazima useme kitu. Usiseme. Shika huo mkono. Akilia, lia naye kama machozi yapo, Yesu mwenyewe alilia akielekea kaburi la Lazaro akiwa anajua kabisa kwamba dakika chache baadaye atamfufua.

Marafiki wa Ayubu walifanya jambo moja la maana: walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, kwa sababu waliona maumivu yake ni makubwa mno. Mambo yaliharibika walipofungua midomo kuanza kueleza sababu.

Maneno ya kuacha kabisa masaa haya: "usilie, kulia ni kukosa imani", "Mungu ana makusudi yake", "kataa hiyo ripoti", "wengine wana hali mbaya kuliko wewe". Hata kama kuna ukweli ndani ya mojawapo, likisemwa saa hiyo linamfundisha mwenzako kwamba huzuni yake inakusumbua, na kuanzia hapo ataanza kuificha. Mgonjwa akianza kuficha huzuni ataficha na maumivu, akificha maumivu ataficha na homa. Nimeona huu mnyororo na unaogopesha.

Ukilazimika kusema, sema vifupi: "Niko hapa." "Sijui niseme nini." "Tunaenda nyumbani pamoja."

Utajua umefanya vizuri yeye akianza kuongea mwenyewe, iwe jioni ile au kesho yake, hata kama anachosema ni hasira. Hata kama ni hasira kwa Mungu.

Hatua ya 3: Rudini kwa daktari na maswali yaliyoandikwa

Siku ya habari mbaya watu hawasikii, masikio yanafunga baada ya sentensi ya kwanza. Ombeni kuonana tena na daktari, hata baada ya siku chache, mwende na daftari. Mmoja aulize mwingine aandike, au ombeni ruhusa ya kurekodi sauti.

Maswali yenyewe ni haya:

- Lengo la matibabu sasa hivi ni nini: kuponya, kuudhibiti ugonjwa ukae muda mrefu, au kumpunguzia mateso?
- Njia zilizobaki ni zipi, na kila moja inatarajiwa kumsaidia kitu gani?
- Tukisubiri kidogo au tusipofanya kitu, nini kinaweza kutokea?
- Madhara gani tuyategemee, na lipi likitokea tukimbie hospitali?
- Tunaweza kupata maoni ya daktari mwingine?

Lile la kwanza ndilo wanandoa wengi wanaliogopa, wanapita miezi mingi ya kemo mmoja akidhani wanatafuta kupona na mwingine akijua ni kudhibiti. Ulizeni. Na kabla hamjaingia muulize mwenzako anataka kujua kiasi gani, wapo wanaotaka kila kitu na wapo wanaosema "wewe sikiliza, mimi niambie kidogo kidogo", heshimu hilo. Ila usimfiche kitu alichotaka kujua, hata kwa nia njema. Akija kugundua, na huwa wanagundua, hatakuamini tena hata ukimwambia habari njema.

Hatua ya 4: Linda mwili wake

Malaika alipomkuta Eliya amelala chini ya mti anaomba afe, kitu cha kwanza alimwambia inuka ule. Akalala tena, akaamshwa tena akala. Mazungumzo makubwa na Mungu yalikuja baadaye, mlimani. Mwili kwanza.

*Homa.* Akiwa kwenye kemo, nyuzi 38 au zaidi ni dharura. Piga simu hospitali au nenda saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku, hata kama anasema yuko sawa. Seli nyeupe zikiwa chini mwili hauna askari wa kutosha na maambukizi yanaweza kumaliza mtu ndani ya masaa. Usimpe kwanza dawa ya kushusha homa "tuone kama itatulia", itaficha homa na ugonjwa utaendelea chini kwa chini. Kutetemeka kwa baridi ghafla ni dharura pia, hata themomita ikisoma kawaida. Usipime kupitia njia ya haja kubwa, michubuko kule ni mlango wa bakteria.

Dalili nyingine za kuondoka nazo haraka: kupumua kwa shida au maumivu ya kifua, mguu mmoja kuvimba na kuuma (inaweza kuwa damu imeganda), damu isiyokata, kuchanganyikiwa, kutapika mpaka hata maji hayakai, na maumivu mapya ya mgongo yanayokuja na miguu kuishiwa nguvu au kushindwa kuzuia haja. Hiyo ya mwisho watu wanaichukulia kama uchovu, kumbe uti wa mgongo unaweza kuwa umebanwa na kila saa inayopita ina maana.

*Usafi baada ya kemo.* Kwa masaa 48 hivi mabaki ya dawa yanatoka kwenye mkojo, choo na matapishi. Vaa glavu unaposafisha, funika choo kabla ya kuflashi, nguo zilizochafuka zifue peke yake. Kumkumbatia, kumshika, kulala naye kitanda kimoja hakuna shida, tena anahitaji sana. Kuhusu tendo la ndoa waulizeni wauguzi bila aibu, kwa kawaida watawaambia mtumie kondomu na mzuie mimba kipindi cha matibabu.

*Mdomo.* Vidonda vya mdomoni vinafanya mtu aache kula halafu ndugu wanasema amekata tamaa. Mswaki laini, asukutue mara nyingi kwa maji yenye chumvi kidogo, na mwambie daktari maana dawa za kutuliza zipo.

*Dawa za pembeni.* Mtaletewa majani, unga, matone, vitamini za dozi kubwa. Dawa nyingi za saratani zinachakatwa na ini, na kitu kinachoingilia kazi ya ini kinaweza kuifanya kemo iwe kali kupita kiasi au ikose nguvu kabisa. Chochote kinachomezwa kiandike kwenye daftari na umuonyeshe daktari kabla ya kukitumia.

*Kufunga.* Mgonjwa asifunge chakula. Anapungua uzito, anahitaji kujenga upya seli zilizoharibiwa, na nyingine kati ya dawa zake zinatakiwa kumezwa na chakula. Wewe unayemuuguza usiku kucha nawe fikiria vizuri, unaweza kufunga simu au televisheni, ukabaki na nguvu za kumuinua kitandani.

Hatua ya 5: Ombeni ukweli

Sasa maombi. Nimeyaweka hapa nikiwa najua mengine mlishayaomba kuanzia kwenye korido, lakini kuna tofauti ya kulia kwa Mungu saa ya mshtuko na kujenga utaratibu wa maombi utakaowabeba miezi.

Anza na Zaburi ya 13, ni fupi, mistari sita tu: "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Isome kwa sauti taratibu. Halafu kila mmoja aseme "hata lini" yake. Hata lini kichefuchefu. Hata lini tutaahirishiwa. Hakuna wa kumsahihisha mwenzake. Zaburi ya 88 ni ya siku nzito kabisa, inaanza na kilio na inaishia gizani, haina ule mwisho wa kushangilia, na bado imo ndani ya Biblia kama sala. Mwenzako akiisikia atajua kwamba hata siku ambayo hana wimbo bado anaruhusiwa kuwa mbele za Mungu.

Halafu Marko 14:36. Yesu bustanini anaomba vitu viwili kwa pumzi moja, "uniondolee kikombe hiki", kisha "si kama nitakavyo mimi, bali utakavyo wewe". Ombeni vyote viwili kila siku. Watu wanachagua kimoja: wengine wanadai uponyaji tu na kumkataza mgonjwa kutaja kifo, wengine wanajisalimisha mapema hadi wanaona aibu kuomba kupona. Ombeni kupona bila aibu, mtajeni uvimbe kwa jina, tajeni dawa, mtajeni daktari na yule muuguzi anayetafuta mshipa. Kisha mwachieni Mungu awe Mungu.

Mambo machache ya utendaji:

Maombi yawe mafupi. Mtu mwenye kichefuchefu hawezi kuhimili sala ya nusu saa, dakika tatu zinatosha.

Akisema hawezi kuomba, usimlazimishe. Mwambie "leo nitaomba mimi, wewe lala tu", shika mkono, omba kwa sauti ya chini. Warumi 8:26 inasema Roho hutuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa, kwa hiyo hata kile kilio chake cha usiku kinasikika kule juu.

Akisema haamini tena, usishtuke na usiite kamati. Yule baba aliyemleta mwanawe kwa Yesu alisema "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu", na mtoto akaponywa hivyo hivyo.

Na usiahidi. "Bwana ameniambia utapona Ijumaa" ni sentensi ambayo ikishindwa inavunja vitu viwili pamoja, imani yake kwa Mungu na imani yake kwako. Wale vijana watatu wa Danieli walisema Mungu wetu aweza kutuokoa, halafu wakaongeza "bali kama si hivyo". Hiyo nayo ni imani, tena ya watu walioisema wakiwa mbele ya tanuru.

Hatua hii ikifanikiwa hamtajisikia vizuri kila siku. Utaona tu kwamba mnaweza kuomba na kulia mahali pamoja bila mmoja kumwogopa mwenzake.

Hatua ya 6: Panga watu

Kwenye vita ya Amaleki mikono ya Musa ilichoka, Haruni na Huri wakaishika, huyu upande huu na huyu upande huu, mpaka jua likatua. Hawakumpa hotuba kuhusu mikono. Mnawahitaji watu wa namna hiyo, na wako kanisani, shida ni kwamba wanachanganyika na wengine.

Yule mtu mmoja wa taarifa atume ujumbe kwenye grupu: hali ikoje, mnaombewa nini, mnahitaji msaada gani hasa. Usiache watu waseme "mkihitaji chochote mtuambie", maana hamtasema. Wapeni kazi: fulani awapeleke kliniki Jumanne, fulani akae na watoto, fulani afue.

Seli nyeupe zikiwa chini, wageni wawe wachache, wasio na mafua, na wanawe mikono. Mchungaji anaweza kuomba kwa simu, Mungu anasikia. Kama kanisa lenu linashiriki kikombe kimoja, ongeeni na viongozi mapema mpate njia nyingine kipindi hicho.

Kupakwa mafuta kwa Yakobo 5:14 waiteni wazee, ni jambo jema na linatia nguvu. Ila mafuta yapakwe kwenye paji la uso au mikononi, siyo kwenye ngozi inayopigwa mionzi maana ile ngozi inaweza kuwa imeungua na haipakwi kitu bila ruhusa ya kliniki. Na yasinywewe.

Atakuja mtu kuuliza "mmetubu dhambi gani?" Jibu lipo tayari Yohana 9, wanafunzi waliuliza nani alitenda dhambi hata mtu huyu azaliwe kipofu, Yesu akasema si yeye wala wazazi wake. Mwambie hivyo kwa upole mlangoni, asiingie hadi chumbani na swali hilo.

Na akija mtu, awe na cheo gani, akasema mwache dawa ili muonyeshe imani, hapo usilegee. Isaya alimtangazia Hezekia kwamba Mungu atamponya, na Isaya huyo huyo akaagiza tini ziwekwe juu ya jipu. Paulo alimwita Luka tabibu mpendwa, na alimwambia Timotheo atumie mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo lake. Kemo iliyosimamishwa katikati inaipa saratani nafasi ya kukua, na ukirudi baada ya miezi miwili unaweza kuukuta ugonjwa umeshasonga mbele. Kama mwenzako mwenyewe anataka kusimamisha kwa sababu amechoka, hayo ni mazungumzo yake na daktari, na yanastahili heshima. Lakini asisukumwe na mgeni.

Hatua ya 7: Wewe

Kwa kifupi maana najua hutasoma sana hapa. Lala angalau usiku mmoja kwa wiki mtu mwingine akiwa zamu. Kula. Dawa zako mwenyewe za presha au sukari usiziache. Tafuta mtu mmoja wa kumwambia yale usiyoweza kumwambia mgonjwa, pamoja na yale mabaya, kwamba umechoka naye, kwamba umewaza aende apumzike. Kuwaza hivyo hakujakufanya mume mbaya au mke mbaya. Ukikosa usingizi wiki nzima, au ukianza kuwaza kujidhuru, muone daktari kama mgonjwa mwingine yeyote.

Hatua ya 8: Wakikuambia tiba shufaa

Wengi wakisikia neno hili wanadhani wamefukuzwa hospitali. Tiba shufaa ni huduma ya kushughulikia maumivu, kichefuchefu, pumzi, hofu na maswali ya roho, na inaweza kutolewa pamoja na kemo. Kuna utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2010 kwa wagonjwa wa saratani ya mapafu iliyosambaa: waliopewa tiba shufaa mapema pamoja na matibabu ya kawaida walikuwa na hali nzuri zaidi, na waliishi kwa kipimo cha kati (nusu waliishi zaidi ya hapo, nusu chini yake) miezi 11.6 dhidi ya 8.9 ya wenzao. Kwa hiyo iombeni mapema, msisubiri hadi mwisho.

Mofini, dawa kali ya maumivu, ikiandikwa usiogope kwamba ni dawa ya kuagana. Ikitolewa kwa kipimo cha daktari inatuliza maumivu ili mtu aweze kulala, kula, kuongea na watoto wake. Inafunga choo karibu kila mtu, kwa hiyo omba dawa ya kulainisha siku hiyo hiyo. Kuvumilia maumivu hakumpi mtu alama yoyote mbele za Mungu.

Na ikifika mahali daktari anasema hakuna dawa tena ya kupambana na ugonjwa wenyewe, zungumzeni akiwa bado ana nguvu. Anataka kuwa wapi, nyumbani au wodini? Nani awepo? Kuna mtu anataka kupatana naye? Nyaraka ziko wapi, watoto waambiwe nini na nani? Anza kwa kuuliza tu: "Kuna kitu unakiwaza hujaniambia?" halafu subiri, hata kimya kikiwa kirefu. Kuongea haya hakuzuii Mungu kuponya, mnaweza kuandika wosia asubuhi na jioni mkaomba kupona, Paulo aliomba mara tatu mwiba utoke na jibu lililokuja lilikuwa "neema yangu yakutosha".

Akitaka uimbe, imba. Akitaka kimya, zima redio na ukae. Daftari liwe karibu, andika saa alizopewa dawa ya maumivu, na dozi inayofuata usiicheleweshe.